MANENO YA JUU YA BAHASHA



Baadhi ya vijana wetu wametuletea ombi ambalo limetushughulisha kwa siku nyingi. Wanataka tufungue tovuti ambamo kila familia itajiandikisha: jina la mwenye nyumba, idadi ya watoto, namba ya iqama, nakala ya pasi ya kusafiria, na simu ya jamaa wa nyumbani atakayearifiwa likitokea la kutokea. Nia yao ni njema, na haja yenyewe sote twaijua. Mwenzetu anapofariki, au anapolazwa hospitali ghafla, huwa tunahangaika usiku kucha tukiulizana ndugu yake ni nani na karatasi zake ziko wapi.

Wazee hawakulikubali ombi hilo papo hapo, wala hawakulikataa. Walisema neno moja tu: tuelezwe kwanza mlango wa nyumba hiyo unalindwa na nani, na mlinzi huyo anaamini nini.

Swali hilo limetoka kwa watu wasiosomea kompyuta, lakini ndilo swali lenyewe. Mengi katika maafa makubwa yaliyozipata tovuti za dunia katika miaka ya karibuni yametokana na mlinzi wa mlango kuamini maneno ambayo hakupaswa kuyaamini. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa lugha yetu, ili kila familia ijue inaulizwa nini inapotakiwa kujaza fomu katika simu, nasi sote tuweze kuwajibu vijana wetu kwa ujuzi wala si kwa hofu.

BARUA NA BAHASHA YAKE

Wakubwa wetu walioishi hapa kabla ya simu za mkononi wanakumbuka jinsi barua za nyumbani zilivyokuwa zikifika. Nyingine zilipitia sanduku la posta la kazini. Nyingine zililetwa kwa mkono na mahujaji au msafiri aliyetoka Mombasa, Unguja au Dar es Salaam. Juu ya bahasha palikuwa na maneno: jina la mpelekewa, jina la mpelekaji, “kwa hisani ya Bwana fulani”, “haraka”, “ndani mna picha, usikunje”. Kabla bahasha haijafunguliwa, kila aliyeishika alikwisha kujua mengi, na alitenda kwa kuyafuata maneno hayo.

Mawasiliano ya tovuti yanakwenda kwa mtindo huo huo. Kila unapogusa simu ili kufungua ukurasa, kivinjari chako hupeleka barua kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti ile. Kabla ya yaliyomo ndani, hutangulia mistari kadhaa ambayo wewe huioni. Mistari hiyo huitwa vichwa vya ujumbe. Mmoja hutaja tovuti inayotakiwa. Wa pili hutaja aina ya kivinjari. Wa tatu hutaja lugha unayopenda kusoma. Mwingine husema umetokea ukurasa gani, mwingine husema ndani ya barua mna kitu cha namna gani, picha au maandishi, na mwingine hubeba alama uliyopewa na tovuti ile jana ili ikutambue leo. Seva nayo inapojibu, hutanguliza vichwa vyake.

Kanuni inayotawala barua hizi huitwa HTTP, nayo ilibuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, huko Uswisi. Katika sura yake ya kwanza ya mwaka 1991 haikuwa na vichwa hata kimoja. Ombi lilikuwa mstari mmoja wa kuutaja ukurasa unaotakiwa. Vichwa viliongezwa baadaye, na vikaelezwa katika waraka wa Mei 1996 wa HTTP/1.0. Vilibuniwa kwa ajili ya kusaidiana baina ya watu waliojuana na kuaminiana. Hata kosa la herufi lilipita humo: kichwa kitajacho ukurasa uliotokea kiliandikwa “Referer”, kwa kuacha herufi moja ya neno la Kiingereza, na kosa hilo linatumika duniani kote mpaka leo kwa sababu mashine zote zimekwisha kulizoea.

Sasa ndugu msomaji, shika jambo hili moja, kwani yote yanayofuata yamejengwa juu yake. Maneno ya juu ya bahasha huandikwa na mwenye kuipeleka. Kivinjari cha kawaida huandika ukweli, lakini hakuna kinachomzuia mtu mwenye ujuzi mdogo tu kuandika atakacho katika kila mstari. Kichwa cha ujumbe ni dai la mtumaji. Hakijawa ushahidi mpaka kihakikiwe kwa njia nyingine.

Kutokana na kusahau jambo hilo, seva huingia katika makosa ya namna tatu. Huamini lisiloaminika, hutekeleza lililotakiwa lisomwe tu, au huvitangaza vilivyotakiwa kufichwa. Tutayaeleza moja baada ya moja, kila moja na tukio lake.

BAWABU ANAYEAMINI

Mnamo Julai 2025 kulitokea mashambulizi makubwa dhidi ya programu ya kampuni ya Microsoft iitwayo SharePoint, ambayo maofisi mengi hutumia kuhifadhi na kugawana nyaraka. Walioathirika ni wale waliokuwa na programu hiyo katika seva zao wenyewe, zikiwamo ofisi za serikali na makampuni katika nchi kadhaa.

Mlango ulifunguliwa hivi. Palikuwa na ukurasa wa ndani ambao mtu hakupaswa kuufikia kabla ya kujitambulisha. Lakini kama kichwa cha Referer kilisema kwamba mtu huyo ametokea katika ukurasa wa kuagia, yaani ule wa kujiondoa katika mfumo, basi programu haikumuuliza jina. Ni mfano wa harisi wa jengo anayesimamisha kila aingiaye, ila yule anayesema, “Mimi nilikuwa ndani, natoka kuaga.” Wadukuzi waliandika maneno hayo katika kichwa cha barua zao, nao hawakuwa wamefika ndani hata mara moja. Wakaachiwa njia, na kwa kuiunganisha kasoro hiyo na nyingine wakaweza kuitumikisha seva watakavyo.

Walipoingia, waliiba funguo za siri ambazo seva huzitumia kutia sahihi maandishi yake. Kwa sababu hiyo, hata mwenye ofisi alipoirekebisha programu, aliyekwisha kuiba funguo aliweza kurudi, mpaka funguo zenyewe zibadilishwe. Ni sawa na mwizi aliyechukua muhuri wa ofisi: kubadili kitasa cha mlango hakutoshi, kwani barua zake bado zitapokelewa kuwa ni za mwenyeji.

Tena kasoro hiyo haikuwa siri. Ilionyeshwa na mtafiti katika mashindano ya wataalamu mjini Berlin mwezi wa Mei 2025. Rekebisho la kwanza lilitolewa tarehe 8 Julai, nalo likaonekana kuwa halikukamilika. Siku chache baadaye mashambulizi yakazagaa, na ikabidi marekebisho mengine yatolewe kwa haraka kuanzia tarehe 20 Julai. Funzo lake ni kwamba kuziba tundu moja si kuacha tabia ya kuamini. Aliyeamini neno la mgeni mara moja ataliamini tena likija kwa sura nyingine.

Pengine msomaji atauliza: basi kwa nini vichwa visiachwe kabisa kuaminiwa? Jibu ni kwamba mara nyingine hakuna budi, na sisi wakazi wa Ghuba tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Intaneti ilipofunguliwa kwa umma nchini Saudia mwaka 1999, mawasiliano yote ya nje yalipitia mitambo ya wakala iliyokuwa mjini Riyadh chini ya taasisi ya King Abdulaziz City for Science and Technology. Wakala ni mashine inayopokea barua yako na kuipeleka mbele kwa jina lake. Anayeipokea huko mwisho huona anuani ya wakala, wala haoni yako.

Matokeo ya hali hiyo yalionekana kwa jirani zetu wa Qatar katika siku za kuukaribisha mwaka 2007. Wakati ule mawasiliano ya nchi hiyo, karibu yote, yalipitia kampuni moja ya simu na kuonekana nje kwa anuani moja. Msimamizi mmoja wa Wikipedia ya Kiingereza aliifungia anuani hiyo kwa sababu ya watu waliokuwa wakiharibu makala, kumbe ameifungia nchi nzima. Wakazi wake wakawa wanaweza kusoma, lakini asiyekuwa na akaunti hakuweza kuandika. Kosa la wachache likawaangukia wote, kwa sababu bahasha zote zilibeba jina la mbebaji mmoja.

Dawa ya tatizo hilo ni kichwa kiitwacho X-Forwarded-For. Wakala akiipokea barua yako huongeza humo anuani yako. Wakala wa pili akiipokea kutoka kwa wa kwanza huongeza ya huyo wa kwanza, na mlolongo huendelea hivyo. Lakini mtumaji mwongo naye anaweza kuianza barua yake na mlolongo wa kubuni, akajiandikia anuani ya mtu mwingine au ya ndani ya ofisi yenyewe. Tovuti zilizokichukua kichwa hicho bila ya kuuliza zimewahi kumpokea mgeni wa njiani kana kwamba ni mfanyakazi aliyeketi kitini pake.

Waliosoma chuoni miongoni mwetu watauona mfano ulio karibu. Wanazuoni wa Hadithi hawakuridhika na urefu wa mlolongo wa wapokezi. Walichunguza kila jina, je, anajulikana, je, ni mkweli, je, alikutana kweli na yule anayedai kupokea kwake. Wikipedia nayo hufanya jambo lenye sura hiyo: inayo orodha ya mawakala inaowaamini. Wakala aliyemo katika orodha, maneno yake ya X-Forwarded-For husomwa; asiyekuwamo, hayasomwi. Mhakiki huanza na yule aliyemkabidhi barua mkononi, akarudi nyuma jina baada ya jina, na husimama anapofika kwa mtu asiyemjua. Hiyo ndiyo namna sahihi ya kuamini.

KARANI ANAYETEKELEZA ALICHOKISOMA

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na mfano wake ni kampuni ya Kimarekani iitwayo Equifax. Kampuni hiyo huweka kumbukumbu za madeni ya wakazi wa Marekani, wawe wenyeji au wahamiaji. Anayetaka kupanga nyumba au kukopa gari huko, jina lake huulizwa kwa kampuni za namna hiyo, hata kama mwenyewe hakuwahi kuingia ofisini mwake.

Equifax ilikuwa na tovuti ya kupokea malalamiko ya watu wanaopinga kumbukumbu zao, nayo ilijengwa kwa msaada wa programu iitwayo Apache Struts. Katika programu hiyo kulikuwa na kasoro katika namna ya kukisoma kichwa kiitwacho Content-Type. Kazi ya kichwa hicho ni ndogo kabisa: kueleza ndani ya barua mna kitu cha aina gani. Seva ilipokuta kichwa kisichoeleweka, ilitunga taarifa ya kosa, na ndani ya taarifa hiyo ikayanukuu maneno ya kichwa chenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Katika kuyanukuu, iliyafasiri kuwa ni amri na ikayatekeleza.

Mfikirie karani wa ofisi aliyepewa bahasha. Juu yake pameandikwa, “Fungua kabati la tatu umpe mletaji mafaili.” Karani anataka kumwambia mkubwa wake kwamba bahasha hii haikuandikwa sawasawa. Basi anayasoma maneno yale kwa sauti, na mikono yake, kwa mazoea, inayatii anayoyasoma. Hakukuwa na neno la siri lililovunjwa wala kufuli iliyokatwa. Palikuwa na maneno juu ya bahasha, na msomaji asiyetofautisha baina ya kusoma na kutii.

Watunzaji wa Struts waliitangaza kasoro hiyo na kutoa rekebisho lake tarehe 7 Machi 2017. Siku mbili baadaye, ndani ya Equifax lilitolewa agizo kwamba rekebisho litiwe katika muda wa saa 48. Agizo lilitolewa, lakini seva ya malalamiko ilisahauliwa. Wadukuzi wakaingia katikati ya Mei, wakakaa humo hadi mwisho wa Julai. Chombo kilichowekwa kuyakagua mawasiliano hakikuona kitu, kwa kuwa cheti chake cha usalama kilikuwa kimekwisha muda wake tangu miezi mingi. Siku kilipotiwa cheti kipya, wizi ukaonekana mara moja. Kampuni ilitangaza habari hiyo tarehe 7 Septemba 2017. Watu wapatao milioni 147 walikuwa wameibiwa habari zao: majina, tarehe za kuzaliwa, anuani, na namba za hifadhi ya jamii, ambazo kwa mkazi wa Marekani zina uzito kama wa namba ya iqama kwetu hapa. Mkuu wa kampuni akaacha kazi mwezi huo huo, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa fidia na gharama zisizopungua dola milioni 575.

Tumelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna majibu mawili ya swali la wazee. La kwanza: kasoro ilikuwa ya mafundi wengine, lakini aliyedaiwa ni aliyeshika amana. La pili: dawa ilikuwepo miezi miwili kabla ya mwizi kuingia. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuhakikisha kwamba imetiwa kila mahali.

MJUMBE ANAYETANGAZA SIRI

Kosa la tatu halihitaji mwizi hodari, kwani siri hutolewa bure. Huko Uingereza, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, wateja wa kampuni ya simu ya O2 walipatwa na jambo hilo mwaka 2012. Kuanzia tarehe 10 hadi 25 Januari ya mwaka huo, baada ya matengenezo ya kawaida, mitambo ya kampuni hiyo ilikuwa ikiongeza namba ya simu ya mteja katika vichwa vya ujumbe vilivyokwenda kwa tovuti alizozifungua kwa intaneti ya simu. Kwa desturi namba hizo zilipelekwa kwa washirika maalumu wa kampuni peke yao, kama vile wanaouza huduma za kulipiwa kwa simu. Baada ya matengenezo, zikapelekwa hata kwa wengineo. Mteja hakuona kitu katika kioo cha simu yake. Kampuni ilirekebisha kosa hilo na kuomba radhi baada ya mteja mmoja kuligundua na kulitangaza.

Nasi tujiulize, namba ya simu katika nchi hii ina maana gani? Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya iqama. Kwa simu hiyo hiyo huja namba za uthibitisho za Absher na za benki. Mwenye kuijua simu yako pamoja na jina lako amekwisha kushika ncha ya uzi.

Siri nyingine inayobebwa juu ya bahasha ni kuki. Unapoingia katika tovuti kwa neno la siri, seva hukupa alama ndefu, na kivinjari chako huionyesha alama hiyo katika kichwa cha kila barua inayofuata ili usiulizwe tena. Ni kama kile kikadi cha namba unachopewa unapoandikishwa hospitali: anayekishika ndiye anayeitwa. Mnamo Oktoba 2010 mtaalamu Eric Butler alitoa programu iitwayo Firesheep ili kuwaamsha watu. Aliyekaa katika mkahawa wenye Wi-Fi iliyo wazi aliweza kuziona kuki za waliokaa meza za jirani, na kwa kubonyeza mara moja akaingia katika Facebook kwa majina yao, bila ya kulijua neno la siri la yeyote. Tovuti nyingi za wakati ule zilitumia bahasha ya siri, yaani HTTPS, pale pa kuingilia tu. Baada ya hapo barua zilikwenda wazi. Kelele zilizofuata zilisaidia kuisukuma Facebook kutumia HTTPS kwa wateja wake wote, jambo lililokamilika mwaka 2013.

Yafaa tuseme pia kwamba vichwa vyenyewe vinaweza kuwa kufuli. Novemba 2012 kilisanifiwa kichwa kiitwacho Strict-Transport-Security, ambacho kwacho seva hukiambia kivinjari: kwa muda huu nilioutaja, usije kwangu ila kwa bahasha ya siri. Kuki nayo inaweza kutolewa na sharti kwamba isibebwe katika barua ya wazi, wala isisomwe na programu ndogo zilizomo ukurasani. Mafundi makini huyafanya haya yote, wala hayana gharama kubwa.

Hata hivyo tusidanganyike na ile alama ya kufuli iliyo katika baadhi ya vivinjari. Maana yake ni kwamba hapana anayeisoma barua njiani. Haimaanishi kwamba mpokeaji ni mwaminifu, wala kwamba bawabu wake ana akili. Barua za uongo za mwaka 2017 na za mwaka 2025 zingeweza kusafiri katika bahasha ya siri na zikaleta maafa yale yale.

YALIYO MIKONONI MWETU

Kasoro hizi hazirekebishwi na mtumiaji. Hurekebishwa na mwenye tovuti. Lakini msomaji hakuachwa mikono mitupu.

Kwanza, unapotumia kompyuta ya watu wengi, katika duka la fotokopi au kazini, jiondoe katika tovuti kwa kubonyeza palipoandikwa kutoka. Kuufunga ukurasa peke yake mara nyingi hakuiui kuki.

Pili, masahihisho ya simu na programu zake yasiahirishwe. Tumeona jinsi miezi miwili ilivyotosha.

Tatu, namba ya uthibitisho inayokuja katika simu asipewe mtu yeyote, hata akikutajia jina lako kamili na namba ya iqama yako bila ya kukosea. Kuzijua kwake si dalili ya kuwa ni mtu wa serikali au wa benki. Huenda amezipata katika nyumba iliyovunjwa.

Nne, unapolazimika kutoa nakala ya pasi, andika juu ya nakala hiyo kwa kalamu imetolewa kwa ajili gani na tarehe gani. Nakala isiyo na maneno hayo yaweza kutumiwa kwa lolote.

Ama vijana wetu mafundi, tunawapa maswali manne ya wazee, nasi tunaomba majibu yake kwa maandishi. Ni vichwa gani ambavyo tovuti yenu itavitegemea, na mgeni akiviandika kwa uongo ataweza kufungua nini? Kila ombi la kutazama habari za familia litahakikiwa upya, au litapitishwa kwa sababu limesema tayari limekaguliwa? Nani kwa jina lake atazitunza programu zilizo chini ya tovuti hiyo, na baada ya siku ngapi rekebisho likitolewa litakuwa limetiwa? Na katika mnayotaka kuyakusanya, lipi linaweza kuachwa?

Swali hili la nne ndilo zito kuliko yote. Taarifa isiyohifadhiwa haiibiwi. Sheria nazo zimeelekea huko huko: Sheria ya Saudia ya kulinda taarifa binafsi imekuwa ikitekelezwa kikamilifu tangu tarehe 14 Septemba 2024, Kenya ilipitisha yake mwaka 2019, na ya Tanzania ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya namba za watu ameingia katika dhima, hata kama nia yake ni sadaka.

Kwa sasa sisi wa kamati tumeonelea hivi, na vijana wamekubali. Tovuti ikifunguliwa, itahifadhi mambo matatu tu: jina la mwenye familia, simu yake, na simu ya jamaa mmoja wa nyumbani. Namba za iqama na nakala za pasi hazitatiwa humo. Kila familia iziweke katika bahasha moja, mahali panapojulikana na mke, na mtoto mkubwa, au rafiki mmoja anayeaminiwa. Hata hayo matatu hayataanza kukusanywa kabla ya majibu ya maswali manne kuletwa na kusomwa mbele ya watu.

Huenda wengine wakaona tumekawia. Lakini wanaopigiwa simu usiku na mtu anayejua jina la mtoto wao, siku aliyozaliwa na namba ya pasi yake, wanaijua thamani ya kukawia. Majibu ya vijana tutayachapa hapa yatakapofika, yawe ya kuridhisha au ya kurudishwa.

Ukimaliza kusoma nakala hii, mpe jirani yako. Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Uhariri